Wimbo huu umetoka wapi? Somo kutoka kwa simba wa Ngorongoro

Nilipomaliza kidato cha sita nilipata kibarua kwenye loji moja hapa Karatu, kando ya barabara ya kwenda lango la Loduare. Kazi yangu ilikuwa kubeba mizigo ya wageni asubuhi na kusaidia mezani jioni. Na kama kulikuwa na mgeni anayetimiza mwaka siku hiyo, kazi iliongezeka: jikoni wote tulitoka kwa mstari, mpishi mbele na keki, mwingine na ngoma, wengine tukipiga sufuria kwa miiko, na tunaimba "Jambo Bwana" mpaka mgeni anainuka kucheza.

Siku moja mama mmoja wa Kizungu akaniuliza nani alitunga wimbo ule. Nikajibu bila hata kupepesa macho: ni wimbo wa asili, wa mababu zetu. Akatoa kijitabu akaandika. Meza ya jirani alikuwa amekaa mzee mmoja kutoka Mombasa, amekuja na familia yake kuona kreta. Akaniita pembeni, akasema kwa upole, "Kijana, hao mababu zako walikuwa wanapiga gitaa la umeme? Wimbo huo mimi nimeucheza disko."

Niliona aibu kweli. Lakini pia nilibaki na swali ambalo limekaa nami mpaka leo, miaka kumi baadaye, baada ya shahada ya uzamili katika jenetiki ya mifugo: unajuaje wimbo umetoka wapi? Yaani, ukiwa umesimama mwisho wa mto, na maji yameshachanganyika, unapandaje mpaka kwenye chemchemi?

Jibu nililipata mahali ambapo sikutarajia. Liko chini ya kreta, na lina manyoya.

Simba na albamu za picha

Wengi wetu tuliokulia huku tunajua kwamba simba wa kreta ya Ngorongoro ni wa ukoo mmoja. Wachache wanajua jambo hilo lilithibitishwa vipi.

Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa kupita kiasi, nzi wanaouma wa aina ya Stomoxys walizaliana kreta nzima. Waliwashambulia simba mpaka wakajaa vidonda, wakashindwa kuwinda, wakakonda. Kabla ya hapo kreta ilikuwa na simba wapatao 60 hadi 75. Walibaki takriban 10. Miaka miwili mitatu baadaye wakaingia madume saba kutoka nje. Baada ya hapo, kwa muda wa karibu robo karne, hakuna dume mgeni aliyeingia na kuzaa. Mtafiti Craig Packer na wenzake walipochapisha kazi yao mwaka 1991, walionyesha kwamba simba wote wa kreta wa wakati huo walitokana na wanyama 15 tu.

Sasa, utafiti wa karibu wa simba wale haukuwa umeanza mwaka 1962. Watafiti walijuaje nani alimzaa nani miaka ile ya nyuma? Walitumia picha, nyingine za watafiti waliotangulia na nyingine za watalii. Mtu alikuja Ngorongoro miaka ya 1960, akapiga picha ya simba jike na watoto wake, akarudi kwao, akaiweka kwenye albamu. Picha za namna hiyo zilipokusanywa zikageuka kuwa ushahidi, kwa sababu kila simba ana mpangilio wake wa madoa pale yanapoota masharubu, na mpangilio huo haubadiliki maisha yake yote. Ukiwa na picha nzuri ya uso, una kitambulisho. Ukiwa na picha za kutosha zenye tarehe, unaweza kuupanga ukoo.

Naomba uyashike mambo mawili hapa. La kwanza: wapenzi wa kawaida, watu ambao hawakuwa na nia ya kufanya sayansi, ndio waliohifadhi sehemu ya ushahidi. La pili: kitu kilichosaidia hakikuwa uzuri wa simba, ukubwa wake au manyoya yake ya shingoni. Kilikuwa vidoa vidogo ambavyo havimsaidii wala kumdhuru. Kwenye nyimbo ni hivyohivyo, kama tutakavyoona.

Mtoto wa Zanzibar na karatasi za shirika la ndege

Tuanze na wimbo ambao ukoo wake umehifadhiwa vizuri kuliko karibu wimbo wowote wa roki. Aliyeutunga alizaliwa kwetu.

Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, kwa wazazi Waparsi. Alisoma India utotoni, na familia ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Dunia inamjua kama Freddie Mercury wa bendi ya Queen. Wimbo wao "Bohemian Rhapsody" ulitoka tarehe 31 Oktoba 1975 ukiwa na urefu wa dakika 5 na sekunde 55, wakati redio zilitaka nyimbo za dakika tatu. Ulikaa namba moja Uingereza kwa wiki tisa.

Kwa miaka mingi mashabiki walikuwa wanabishana kuhusu ulikoanzia. Wapo waliokuwa na Mercury tangu siku za chuo cha sanaa London ambao walikumbuka kipande alichokuwa akikicheza kwenye piano mwishoni mwa miaka ya 1960, wao wakikiita "The Cowboy Song". Lakini kumbukumbu ya mtu ni ushahidi unaoteleza. Unahitaji kitu cha kushika mkononi.

Kitu hicho kilionekana mwaka 2023, pale vitu vya Mercury vilipopigwa mnada na Sotheby's jijini London. Miongoni mwake zilikuwamo karatasi za rasimu za wimbo huo, zaidi ya kumi, zilizoandikwa kwa mkono kwenye karatasi za shirika la ndege la British Midland Airways. Na juu kabisa jina halikuwa "Bohemian". Aliandika kwanza "Mongolian Rhapsody", kisha akalikata neno la kwanza na kuandika jingine juu yake. Humo pia mna maneno aliyoyajaribu, mengine yakabaki, mengine yakatupwa. Karatasi hizo ziliuzwa kwa karibu pauni milioni 1.4.

Baada ya karatasi zikaja kanda. Agosti 1975 bendi iliingia studio ya Rockfield, kijijini huko Wales, pamoja na prodyuza Roy Thomas Baker. Mashine yao ya kurekodi ilikuwa na njia 24 tu, yaani sauti 24 tofauti ndizo zingeweza kukaa kwenye kanda kwa wakati mmoja. Lakini ile sehemu ya katikati, ya kwaya kubwa inayoitikiana kama opera, iliimbwa na watu watatu waliorudia na kurudia sauti zao. Inasemwa tabaka za sauti zilifika kama 180. Zilikaaje kwenye njia 24?

Walifanya hivi: wanarekodi sauti kadhaa, wanazichanganya na kuzihamishia kwenye njia moja au mbili, wanazifuta za mwanzo, wanaanza upya juu yake. Kila uhamisho ni kizazi kipya. Nakala ya nakala ya nakala. Na kila kizazi kinaongeza mchakato kidogo wa kanda na kupunguza ung'avu kidogo, vilevile unavyotoa fotokopi ya fotokopi mpaka herufi zinaanza kuvimba. Tena kanda ya sumaku ni plastiki iliyopakwa unga wa oksidi ya chuma. Ukiipitisha kwenye mashine mara mamia, unga unakwanguka. Bendi wenyewe wamesimulia kwamba kanda ile ilichakaa hadi ukiiinua kwenye mwanga unaona upande wa pili.

Kwa hiyo mpenzi wa wimbo huu leo ana bahati. Ana rasimu za mkono, ana kumbukumbu za studio, na Brian May, mpiga gitaa wa bendi, ameonyesha kwenye kipindi cha BBC njia za sauti moja baada ya nyingine, hii piano, hii sauti ya juu, hii gitaa. Ukoo mzima upo mezani. Mtu anaweza kusema: hapa alibadili jina, hapa aliongeza, hapa walikata.

Nimeuchukua mfano huu makusudi, ili uone hali inavyokuwa mambo yakiwa mazuri. Kwetu huku mara nyingi kanda ya kwanza ilirekodiwa kipindi cha mpira juu yake.

Kosa lina thamani kuliko usahihi

Kama huna rasimu wala kanda ya studio, una nini? Una matoleo yanayotofautiana. Na hapa kuna kanuni moja ambayo ningependa kila msomaji wa ukurasa huu aondoke nayo.

Wanafunzi wawili wakijibu swali la mtihani sawasawa, wote wamepata, hujui kama wameibiana. Huenda wote walisoma. Lakini wakikosea kwa namna ileile, kwa neno lilelile la ajabu, mwalimu anajua hapo kuna mmoja aliyemchungulia mwenzake, au wote wawili walimchungulia wa tatu.

Katika karne ya 19 msomi wa Kijerumani Karl Lachmann na wenzake walitumia wazo hilo kupanga ukoo wa miswada ya kale iliyonakiliwa kwa mkono: nakala zinazoshiriki kosa moja zina mzazi mmoja. Mwaka 1950 Mjerumani mwingine, mtaalamu wa wadudu Willi Hennig, alichapisha kanuni inayofanana nayo kwa viumbe hai: undugu wa karibu hauonyeshwi na sifa za zamani zilizobaki kwa wote, unaonyeshwa na mabadiliko mapya yanayoshirikiwa na baadhi. Mimi nilipokuwa napanga koo za ng'ombe wa asili maabara, nilikuwa nafanya jambo hilohilo kwa herufi nne za DNA.

Wimbo unaoonyesha kanuni hii vizuri kabisa unahusu simba. Mwaka 1939 Solomon Linda, Mzulu aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya rekodi ya Gallo jijini Johannesburg, aliingia studio na kundi lake la Original Evening Birds. Walirekodi "Mbube", neno la Kizulu lenye maana ya simba. Walirudia mara tatu. Mara ya tatu, kuelekea mwisho, Linda alibuni papo hapo kipande kipya cha sauti ya juu ambacho hakikupangwa. Toleo hilo la tatu ndilo lililotoka, na kipande hicho cha sekunde chache ndicho ambacho baadaye kilizaa tuni inayojulikana dunia nzima.

Santuri ilifika Marekani mikononi mwa mwimbaji Pete Seeger. Aliandika alichosikia. Waimbaji walikuwa wakirudia neno "uyimbube", yaani wewe ni simba. Sikio la Seeger lilisikia "wimoweh". Kundi lake la The Weavers likaurekodi hivyo, ukapata umaarufu mwaka 1952. Mwaka 1961 kundi la The Tokens likatoa "The Lion Sleeps Tonight" lenye maneno mapya ya Kiingereza, na "wimoweh" bado imo ndani.

Hilo ndilo doa la sharubu. "Wimoweh" si Kizulu, wala si lugha ya mtu yeyote. Ni kosa la sikio la mtu mmoja. Kwa hiyo kila toleo lenye neno hilo, liwe la Ulaya, la Asia au la katuni, limepitia kwa Seeger. Halikutoka kwa Linda moja kwa moja. Huhitaji shahidi wala cheti.

Na kosa hilo lilikuwa na bei. Jina la mtunzi kwenye toleo la The Weavers liliandikwa "Paul Campbell", mtu ambaye hakuwapo; lilikuwa jina la kubuni. Linda mwenyewe alikuwa amelipwa shilingi chache tu. Alifariki mwaka 1962, mwaka uleule nzi walipowamaliza simba wa kreta, akiwa maskini. Mwaka 2000 mwandishi Rian Malan aliufuatilia ukoo wa wimbo hatua kwa hatua na kuuweka hadharani, na mwaka 2006 familia ya Linda ikafikia makubaliano ya malipo. Mabinti wa marehemu walisubiri zaidi ya miaka arobaini.

Basi turudi kwenye keki

Sasa nina vifaa. Ngoja niupime wimbo niliouongopea.

Kwanza, lugha. Hebu simama stendi ya Karatu asubuhi usikilize watu wanavyosalimiana. Utasikia shikamoo, mambo, habari za nyumbani, za kuamka, na Kiiraqw kingi katikati. Ukipanda kuelekea Ngorongoro utasikia sopai. "Jambo" hivihivi, peke yake, bila hu- wala si-, tunamwambia mgeni. Na jambo likienda vizuri Mtanzania wa bara anasema hamna shida. "Hakuna matata" tunaielewa, ni Kiswahili safi, lakini si msemo wa mdomoni mwetu. Maneno yana harufu ya pwani, tena pwani iliyozoea watalii.

Pili, silabi. Toleo letu la loji linaitaja Tanzania pale kwenye sifa ya nchi. Wengine huweka Ngorongoro, na wapagazi wa mlimani huweka Kilimanjaro. Ukilisikiliza toleo la mwaka 1982, pale pana jina la Kenya likifuatiwa na neno la kumiliki, jumla silabi nne. Tan-za-ni-a ni nne. Ngo-ro-ngo-ro ni nne. Zimeingia kama mguu kwenye kiatu chake, ila neno la kumiliki limeanguka njiani. Wale wasiotaka kuliacha wanalazimika kukimbiza ulimi, na Kilimanjaro yenye silabi tano inabanwa vilevile. Mahali ambapo ulimi unakimbia ndipo palipofanyiwa kiraka.

Tatu, kilichopotea. Katika toleo hilo la awali kuna mahali mgeni anakaribishwa supu ya uyoga. Sisi jikoni hatukuwahi kuimba hivyo, na tungeimba tusingejua maana. Ni utani juu ya jina la bendi yenyewe: Them Mushrooms, wa Mombasa. Kiongozi wao Teddy Kalanda Harrison ndiye aliyeutunga, wakati bendi ikiburudisha watalii kwenye hoteli za ufukweni, na wimbo ukatoka mwaka 1982. Inatajwa kwamba uliuza nakala zaidi ya 200,000. Kiungo kisichokuwa na kazi mahali papya hudondoka, kama macho ya samaki wa pangoni. Ndivyo uyoga ulivyodondoka kabla haujafika Karatu.

Mwaka 1983 kundi la Boney M. kutoka Ujerumani likatoa toleo lake, na kule pwani Mombasa Roots na Safari Sound Band wakawa na yao. Kwa hiyo yule mzee wa Mombasa alikuwa sahihi kabisa kuhusu disko.

Lakini kuna mtego mmoja. Wageni wengi wakisikia "hakuna matata" wanakumbuka filamu ya The Lion King ya mwaka 1994, wanadhani ni wimbo mmoja. Siyo. Ule wa filamu ulitungwa na Elton John na Tim Rice. Tuni yake ni nyingine na mpangilio wake ni mwingine. Kinachofanana ni msemo tu, na msemo ni mali ya wazungumzaji wote wa Kiswahili. Popo ana mabawa na njiwa ana mabawa, lakini hawakurithi mabawa hayo kwa babu mmoja. Kufanana peke yake si undugu. Kampuni ya Disney iliomba kuusajili msemo huo kama alama ya biashara mwaka 1994, ikakubaliwa mwaka 2003 kwa ajili ya fulana, na mwaka 2018 watu wengi walisaini malalamiko mtandaoni. Ukielewa tofauti ya msemo na wimbo, unaelewa kwa nini walikasirika: wimbo una mtu aliyeutunga, msemo hauna.

Siyo kila kitu kina mwanzo mmoja

Hapa inabidi nijizuie kidogo, maana mtu akipata nyundo kila kitu anakiona msumari.

Wairaqw tuna slufay. Ni maombi yanayosemwa kwa mpangilio kama ushairi; mzee anaongoza, waliokusanyika wanaitikia. Babu yangu mzaa mama alikuwa akiongoza. Utotoni nilidhani anasoma kitu alichokariri. Baadaye nilipomsikiliza mara tatu kwenye mikusanyiko mitatu niligundua hakuna mbili zilizolingana. Anachota kwenye hazina ya maneno ambayo wote wanaijua, anayapanga kulingana na siku hiyo: kuna ukame, kuna harusi, kuna ugomvi wa mpaka wa shamba.

Ukitafuta rasimu ya kwanza ya slufay utazeeka. Kila inaposemwa ndipo inapozaliwa. Kwa kitu cha namna hiyo kusema ni cha asili, cha jamii, ni kweli tupu, na anayetaka kuweka jina lake juu yake ndiye mwizi.

Kwa hiyo neno "asili" lina matumizi mawili, na tunayachanganya kila siku. Wakati mwingine maana yake ni kwamba kitu ni cha wote. Wakati mwingine maana yake ni kwamba msemaji hakujishughulisha kuuliza. Mimi pale mezani nilikuwa wa kundi la pili.

Kaseti ya shangazi

Mwaka jana nilikwenda kumsalimia shangazi yangu, ambaye aliimba kwaya hapa Karatu kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwenye simu yangu nilikuwa na video ya kwaya moja ya mkoa mwingine, wimbo wa kushukuru baada ya mafuriko, mzuri sana. Chini yake wameandika ni wimbo wa asili. Nikamchezea. Akasikiliza, akacheka, kisha akanyamaza kwa namna ambayo sikuipenda.

"Huo ni wa mwalimu wetu," akasema. "Aliutunga mvua za El Niño."

Mvua hizo ni za mwaka 1997 kuingia 1998. Akatoa sanduku la bati chini ya kitanda, humo mna kaseti iliyofungwa kwenye kitambaa cha kanga. Utepe ulikuwa umelegea, tukauzungusha kwa kalamu ya Bic. Tukapata redio kaseti kwa jirani. Mchakato mwingi, kuku anasikika, lakini kwaya inasikika pia. Wimbo ni uleule, ila una ubeti mmoja zaidi, na kasi yake ni ndogo.

Mtu angeweza kubisha: labda kwaya zote mbili ziliuchukua kwingine. Nikauliza hivyo. Shangazi akasema, "Subiri ubeti wa pili." Tukasubiri. Ubeti wa pili ulipoanza, sauti ya pili iliingia mapema, mtu mmoja wazi kabisa, kabla ya wenzake, kisha wengine wakamfuata haraka kumfunika.

"Ndiyo mimi huyo," akasema. "Nilikosea. Mwalimu alinitazama! Kaseti zilikuwa ghali, tukaacha hivyohivyo."

Nikarudi kwenye video. Ubeti wa pili. Sauti ya pili nzima, wanawake kumi na zaidi waliovaa sare, wanaingia mapema kwa pigo lilelile, kwa uhakika, kama vile imepangwa. Walijifunza kwenye nakala ya kaseti, na wakajifunza kosa la shangazi pamoja na wimbo. Sijawahi kuona ushahidi mzuri kama huo hata maabara.

Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi inalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, na COSOTA ipo kwa ajili hiyo. Yule mwalimu yu hai, amezeeka, anafuga mbuzi wachache. Nilipomfikia na kaseti hakuuliza kuhusu pesa. Aliuliza kama ubeti wa tatu, ule uliokatwa, bado unasikika vizuri, kwa sababu ndimo alimowataja watu wa kijiji waliosombwa na maji. Ukasikika. Akausikiliza mara mbili. Kisha akasema anataka jambo moja, jina lake liandikwe, na ubeti urudishwe. Mazungumzo na kwaya ile yanaendelea, kwa heshima na bila kelele, ndiyo maana sitaji majina hapa. Kiongozi wao aliposikiliza kaseti kwenye simu alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hiyo hapo tunapoingia mapema, ilikuwa bahati mbaya?"

Msomaji, kama nyumbani kwenu kuna kaseti, usiitupe na usirekodi juu yake. Andika kwenye karatasi nani anaimba, wapi, mwaka gani, nani alitunga, kisha uikunje uiweke ndani ya kasha. Kama una uwezo wa kuihamishia kwenye kompyuta, fanya hivyo sasa, kwa maana utepe unaoza hata kama hauchezwi. Usisafishe makosa. Kikohozi, jogoo, mtu aliyeingia mapema, viache vyote. Wale watalii wa miaka ya 1960 nao hawakujua wanapiga picha ya nini.

Na pale lojini nilipita mwezi uliopita. Vijana wa jikoni ni wapya, keki ni ileile, wimbo ni uleule. Nilimwomba kijana mmoja, akiulizwa na mgeni, aseme ni wa Teddy Kalanda Harrison na Them Mushrooms, wa Mombasa, mwaka 1982. Akarudia mara mbili ili alishike jina. Kisha akaniuliza kwa nini sisi hatuimbi ile sehemu ya uyoga.